Simba Haombi Kuonyeshwa Picha

Ratiba ya kushuti hutumwa kwa barua pepe wiki kadhaa kabla wenye filamu hawajatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Nikiifungua huwa nimeshajua imekaaje. Nyumbu Ndutu, wiki mbili. Heroe Ziwa Natron, siku tatu. Siku moja ya akiba, mvua ikigoma kuacha au gari likikata springi. Halafu chini kabisa, mstari mmoja kabla ya "kurudi Arusha": Wahadzabe, asubuhi. Safari nyingine ni Wamasai, nyingine Wadatoga; inategemea prodyuza kasoma nini kwenye ndege. Nafasi yao kwenye karatasi ndiyo haibadiliki. Wako chini ya heroe.

Nimeishi kwa filamu hizi za wanyama na utamaduni tangu nikiwa kijana wa kubeba betri. Baadaye nikawa fundi sauti, na siku hizi nashika kamera mwenyewe bajeti ikiruhusu. Kazi naipenda, na sitaki mtu asome haya akadhani ni manung'uniko ya aliyepunjwa posho. Imenisomeshea watoto. Imenifikisha sehemu ambazo watu waliozaliwa Karatu wanazisikia tu kwa madereva. Ila ule mstari wa mwisho wa ratiba umenikwama kooni miaka mingi, na leo nautema: umetoka wapi, na kwa nini naamini namna ya kumpiga picha simba haimfai binadamu.

Tuanze na wazee wa kazi. Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Kansas, Marekani, walifika Kenya mara ya kwanza mwaka 1921 wakiwa na kamera, bunduki na hamu kubwa ya kujulikana. Kati ya 1924 na 1927 waliweka makao Marsabit, kando ya ziwa la kreta walilolipa jina la Lake Paradise, wakizungukwa na wapagazi, wapishi na walinzi ambao hakuna mtazamaji aliyewahi kuwajua kwa majina. Filamu yao Simba ikatoka 1928. Ndani yake wamo simba, wamo tembo, na wamo wanaume wa Kiafrika wanaowaua simba kwa mikuki. Mwaka 1932 wakatoa Congorilla, wakijivunia kwamba ndiyo filamu ya kwanza yenye sauti kupigwa barani Afrika kwenyewe. Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo, wamo humo, na kuna mahali wanapewa sigara nene na maputo ili ukumbi wa Marekani uangue kicheko.

Akina Johnson hawakuwa wabaya kuliko wenzao wa zama zile. Walikuwa wafanyabiashara, na walichogundua ni kwamba tiketi huuzika zaidi ukichanganya: tembo kidogo, mtu wa msituni kidogo, mke jasiri na bunduki yake, kisha rudi kwa tembo. Mchanganyiko huo haujabadilika sana. Maputo yameondoka, muziki umekuwa wa heshima, msimulizi anaongea kwa upole. Ila mpangilio ni uleule, na ndio ninaoukuta kwenye barua pepe yangu karibu miaka mia baadaye.

Wajerumani wawili, baba na mwana, wakaongeza kitu kingine. Bernhard Grzimek alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Yeye na mwanawe Michael walijifunza kurusha ndege, wakaipaka mistari ya pundamilia, wakaja kuhesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani ili ijulikane wanahamia wapi na mipaka ya hifadhi ipite wapi. Tarehe 10 Januari 1959 Michael akiwa peke yake angani aligongana na tai, ndege ikaanguka, akafa akiwa na miaka 24. Filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife, ilishinda Oscar mwaka 1960. Wageni wote ninaowapitisha ukingo wa kreta ya Ngorongoro husimama kwenye lile kaburi la mawe. Bernhard naye amelazwa hapohapo karibu na mwanawe. Jiwe linasema kijana alitoa vyote alivyokuwa navyo, na uhai wake pia, kwa ajili ya wanyamapori wa Afrika. Ni kweli, alitoa.

Mwaka huohuo wa 1959, Wamasai waliokuwa wakichunga ndani ya Serengeti walitolewa, na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la hifadhi ambamo wangeruhusiwa kuishi. Sisemi ni filamu iliyowahamisha. Uamuzi ulikuwa wa serikali ya kikoloni na ubishi wake ulianza miaka kadhaa nyuma. Lakini kuanzia hapo, Serengeti isiyo na mtu ndiyo ikawa Serengeti yenyewe kwenye macho ya dunia. Mtu aliondoka kwenye ardhi na kwenye picha karibu kwa wakati mmoja, na akirudishwa kwenye picha hurudishwa kama mgeni: asubuhi moja, mwishoni mwa ratiba.

Sasa nisije nikaonekana nimekuja kuwasema wazungu wa kamera tu. Nilichojifunza kuhusu kazi hii nimekipata kwa kutazama kazi za watu wawili, na wote wawili ni wa kuja.

Wa kwanza ni Alan Root. Alizaliwa London 1937, akaletwa Kenya akiwa mtoto, na akiwa kijana alishika kamera kwenye filamu ya akina Grzimek. Yeye na mkewe Joan walitengeneza filamu nzima juu ya chemchemi ya Mzima, nyingine juu ya mbuyu mmoja na wapangaji wake, nyingine juu ya mchwa. Ile ya mchwa, ya mwaka 1978, ilipendekezwa kwa Oscar. Fikiria hapo: mtu anakaa kwenye nchi ya tembo na chui, anaamua kupeleka lenzi ndani ya kichuguu. Pale Mzima kiboko alimrarua Alan mguu, na jino likapenya kwenye miwani ya kuzamia ya Joan bila kumgusa uso. Kifutu alimtoa Alan kidole. Joan, ambaye siku zake za mwisho alikuwa akipambana na uvuvi haramu Ziwa Naivasha, aliuawa nyumbani kwake Januari 2006. Alan alifariki 2017. Ukiziangalia filamu zao leo, kinachokushika ni kwamba hawakuwa na haraka. Mark Deeble na Victoria Stone walifuata nyayo hizohizo kwenye filamu yao ya mkuyu ya mwaka 2005, ambamo mhusika mkuu ni nyigu mdogo kuliko punje ya mtama. Bila yeye mkuyu haupati mbegu, na bila mkuyu nyigu hana pa kuzaa.

Wa pili ni Hugo van Lawick, Mholanzi aliyezaliwa Surabaya, Indonesia, mwaka uleule wa 1937. Alitumwa Gombe 1962 kumpiga picha mtafiti Jane Goodall na sokwe wake, wakaoana 1964. Lakini maisha yake yalikuwa Ndutu, kwenye mahema chini ya migunga, pale nyumbu wanapozalia. Alikaa hapo karibu miaka 30. Alifariki Dar es Salaam 2002 na akarudishwa Ndutu kuzikwa. Madereva wazee wa Arusha wanamkumbuka kama mtu aliyeweza kukaa kwenye gari na fisi mmoja kuanzia jua linatoka mpaka linazama, bila kuuliza chakula.

Uvumilivu huo ulikuwa na gharama ambayo vijana wa kadi za kumbukumbu hawaijui. Mkanda wa milimita 16, ule wa mita 120, ulikwenda kama dakika 11 tu. Ukitaka duma aonekane akikimbia polepole, unaongeza kasi ya kamera, na mkanda unakwisha upesi zaidi. Kwa hiyo mpiga picha alikuwa anasoma mwili wa mnyama kwanza: sikio limelala, bega limeshuka, mkia umenyooka, bonyeza sasa. Akikosea, kilichotokea kimetokea. Na alichokipata hakukiona mpaka mkanda usafirishwe nje, usafishwe, na barua irudi. Kamera za leo zinahifadhi sekunde zilizopita hata kabla hujabonyeza. Simba anaruka, unashtuka, unabonyeza, na mruko wote umo ndani. Ni raha, sikatai. Nikiwa na kijana mgeni kazini, lakini, huwa namwambia azime hicho kitu wiki ya kwanza ajifunze kutazama.

Kuna siri moja ya kazi ambayo watu wakiisikia hunikasirikia kana kwamba nimewatapeli mimi. Sauti nyingi unazosikia kwenye filamu za wanyama hazikutoka kwa wale wanyama. Kamera iko mita mia mbili, na lenzi ndefu inaleta jicho la chui mpaka sebuleni kwako, lakini maikrofoni haina lenzi. Inachosikia ni upepo, injini ya gari la jirani, na dereva anatafuna karanga. Kwa hiyo kwato, kutafuna, mabawa na mifupa hutengenezwa studio: glavu za ngozi zikipigwa-pigwa zinatoa bawa la tai, mboga mbichi ikivunjwa karibu na maikrofoni inatoa mfupa wa swala. Kinachobaki kwa fundi sauti wa porini ni kukusanya mazingira yenyewe: alfajiri ya Ndutu, usiku wa Tarangire, vyura wa masika. Unatoka kambini giza bado, unaweka stendi mbali na gari, unavaa vipokea sauti, unanyamaza. Kwanza unasikia moyo wako. Kisha kware. Kisha, kilomita kadhaa huko, simba dume anamalizia mngurumo wake kwa zile pumzi fupifupi za mwisho, na udongo unaonekana kama unamsikiliza. Hapo ndipo, kama uko Seronera, puto la watalii linapowasha moto wake, fuuuu, na asubuhi yako imekwisha. Aliyeanzisha biashara ya maputo kule Maasai Mara, Kenya, mwaka 1976 ni huyohuyo Alan Root. Kwa hilo mimi na yeye tuna kesi.

Na madereva. Hakuna filamu ya Serengeti isiyopita kwenye kichwa cha dereva. Mwongozaji anakuja na hadithi aliyoiandika ulaya: duma mama, watoto watatu, msimu mgumu. Dereva ndiye anayejua kwamba mama wa watoto watatu yuko upande wa Gol, kwamba wa Ndutu anao wawili, na kwamba ukitaka watatu kwa wiki mbili ulizonazo itabidi uwaunganishe kwenye meza ya uhariri. Ndiyo, duma wako mmoja wa kwenye runinga anaweza kuwa duma wawili au watatu. Simlaumu mhariri kwa hilo. Duma halalamiki kwamba amepewa mtoto wa jirani.

Gombe kulikuwa na Rashidi Kikwale, aliyemwongoza Goodall milimani mwaka 1960, na Hilali Matama, aliyewafuatilia wale sokwe miaka na miaka na kuandika habari zao. Mwaka 2014 zilipopatikana saa zaidi ya 100 za mikanda ya van Lawick ya Gombe, ikatengenezwa filamu iliyotoka 2017 na kusifiwa kila kona. Ni filamu nzuri. Ukitoka humo, hata hivyo, utadhani mwanamke yule alikuwa peke yake msituni, na bahati nzuri akapita kijana mwenye kamera.

Hapa ndipo ninapofika kwenye nililolikusudia. Kwa mnyama kanuni ni moja: kaa mpaka akuzoee, mpaka asikuone. Usimlishe, usimwite, usimfukuze. Subiri afanye alilotaka kufanya. Ni kanuni ya heshima, na inafanya kazi kwa sababu simba hana maoni juu ya filamu yako. Hataomba kuonyeshwa picha. Hatakuuliza imeuzwa shilingi ngapi, wala hatasikia msimulizi akisema vitu juu ya mama yake.

Kanuni hiyohiyo hupelekwa Eyasi, kwa Wahadzabe wanaowinda kwa upinde, vilevile ilivyo. Lenzi ndefu ileile. "Waambie wafanye kama hatupo." Anayetumwa kuwaambia ni mimi. Na kwa kuwa tuna asubuhi moja tu, ile heshima ya kusubiri tunaiacha Ndutu. Inabaki sehemu ya kujificha peke yake.

Nakumbuka kazi moja, kampuni siitaji. Tulifika kambi ya Wahadzabe karibu na Mang'ola jua likichomoza, maana mwanga ni mzuri saa ile. Kijana mmoja alikuwa amevaa jezi ya Yanga, akaombwa aivue. Mzee mmoja, mtu wa maneno, alikubali kuhojiwa. Alisema Kihadza, mjukuu wake akaniletea kwa Kiswahili, mimi nikampa mwongozaji kwa Kiingereza. Alianza na asali na yule ndege anayeonyesha njia ya mzinga. Kisha, bila kuulizwa, akahamia kwenye vitunguu. Mang'ola ni mji wa vitunguu, anayekula kachumbari Arusha anajua. Akasema zamani maji ya chemchemi yalifika mahali fulani, akanyoosha mkono. Sasa kuna pampu, kuna mashamba, wanyama hawapiti tena, na vijana wanakwenda kung'oa vitunguu vya watu kwa kibarua. Alisema kwa muda mrefu na kwa mpangilio, kama mtu aliyewahi kulisema hilo mbele ya kikao. Mwongozaji aliniuliza kwa sauti ya chini kama bado anaongelea asali.

Kamera ilikuwa imetazama miamba na mibuyu. Mashamba yalikuwa nyuma yetu. Nikivua vipokea sauti nilikuwa naisikia mashine ya maji waziwazi, tukatulia mpaka mwenye shamba alipoizima kwenda kunywa chai.

Tulipomaliza, mzee alimuuliza mjukuu, mjukuu akaniuliza mimi: "Baba mdogo, babu anasema hizi picha tutaziona wapi?" Filamu ilionyeshwa ulaya mwaka uliofuata. Niliipata kwa kiungo chenye neno la siri. Mzee anaonekana kwa sekunde chache, anasema sentensi moja juu ya ndege na asali, na msimulizi anaeleza kwamba watu hawa wanaishi kama mababu zetu wote walivyoishi. Jua linachomoza vizuri sana.

Sasa, mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya ardhi ya kimila, ya jamii nzima, baada ya kupigania ardhi yao ofisi kwa ofisi, kikao kwa kikao. Hebu nipe hadithi ya uhai wa binadamu iliyo kali kuliko hiyo: watu wachache, majirani wengi, ardhi inakatwa pande zote, na wao wanashinda kwa karatasi. Nimewahi kuipendekeza kwa maprodyuza zaidi ya mmoja. Jibu huja la adabu na huwa na maana moja: hakuna mshale unaorushwa.

Inawezekana kufanya vingine, na imeshafanywa, tena si mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 David na Judith MacDougall walikwenda Turkana, Kenya, wakakaa na mzee aitwaye Lorang na familia yake. Kwenye filamu zao watu wanaongea. Wanaongea sana, na maneno yao yametafsiriwa chini ya picha badala ya kufunikwa na sauti ya mgeni anayejua yote. Filamu moja karibu yote ni mabishano ya mahari: ngamia wangapi, ng'ombe wangapi, nani kadharauliwa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha posa ataitazama mpaka mwisho, na atachagua upande. Wanajua kamera ipo, wanaisemesha, wanaitania.

Kitui, mkulima Kisilu Musya alipewa kamera ndogo na kujipiga mwenyewe, mvua ikikataa, mvua ikiezua paa la nyumba yake, mke wake akichoka na mikutano yake isiyokwisha. Thank You for the Rain ilitoka 2017, na Kisilu ametajwa humo kama mtengenezaji pamoja na Julia Dahr wa Norway. Na mwaka 2024 Peter Murimi wa Kenya na Daphne Matziaraki wa Ugiriki walitoa The Battle for Laikipia: wafugaji Wasamburu, wazungu wenye mashamba makubwa, ukame, na wanyamapori katikati. Angalau safari hii nikaona tembo na ng'ombe na mtu mwenye hasira kwenye picha moja, kama ilivyo kweli.

Lipo na suala la nani anatazama. Mtoto wa kijiji kinachopakana na hifadhi anamjua tembo kama nyayo kwenye mahindi. Hajawahi kumwona akimsukuma mtoto wake juu ya kingo ya mto. Mwenzake wa Bristol, ambako filamu nyingi hizi hupikwa, ameliona hilo akiwa na miaka mitano. Simon Trevor aliliona tatizo mapema: baada ya miaka mingi ya kupiga filamu Tsavo kwa ajili ya watu wa mbali, alianzisha mwaka 1998 taasisi ya kutengeneza filamu za mazingira kwa ajili ya Waafrika Mashariki wenyewe, kwa lugha zao, bila malipo. The Elephant Queen ya Deeble na Stone, ya tembo jike Athena kule Tsavo, nayo ilipata sauti ya Kiswahili na kuzungushwa vijijini. Kenya, mwanasayansi Paula Kahumbu ana kipindi chake cha Wildlife Warriors tangu 2019, ambamo anayejua habari za fisi au bundi ni Mkenya, na anazieleza akiwa na matope kwenye viatu. Binti yangu alipokiona aliuliza kwa nini huyo mama hakuja shuleni kwao.

Mimi na wenzangu wawili tumekuwa tukipeleka projekta kwenye vijiji vya magharibi ya Serengeti, upande wa Bunda. Ukuta wa shule, jenereta, spika mbili za harusi. Tulionyesha filamu moja ya tembo yenye sauti ya Kiswahili. Ilipofika pale ndama anapoishiwa nguvu kwa ukame, ukumbi mzima, yaani uwanja, ulikuwa kimya, akina mama wameweka mkono shavuni. Mama mmoja akavunja ukimya: "Mimi nasikitika, lakini huyo wa nyuma ndiye aliyemaliza shamba langu." Watu walicheka mpaka tukasimamisha filamu. Baada ya hapo mjadala uliendelea kuliko filamu yenyewe. Waliuliza kifuta jasho kinachukua muda gani na kwa nini. Waliuliza kama mizinga ya nyuki kwenye ua inasaidia kweli. Mzee mmoja alisahihisha msimulizi: tembo jike aliyezeeka, alisema, hapiti njia ile wakati ule wa mwaka, labda walipiga masika wakasema ni kiangazi. Nilipoitazama tena, majani nyuma ya picha yalikuwa ya masika.

Kule ulaya hakuna aliyeliona hilo, na wala haikuwa kazi yao kuliona.

Vijana huniandikia sana kutaka kuingia kwenye kazi hii. Kila mmoja ana droni, au anataka kununua. Nawaambia droni ina foleni ya vibali na hifadhini bila kibali utanyang'anywa. Nunua maikrofoni nzuri kwanza, mafundi sauti ni wachache na hawakosi kazi. Fanya urafiki na madereva. Jifunze kuandika pendekezo la filamu kwa lugha ambayo mwenye pesa anaelewa, maana huko ndiko wenzetu wanakotupigia bao. Wapo NEWF wa Afrika Kusini wanaofundisha watengenezaji filamu za mazingira kutoka nchi mbalimbali za Afrika, kuanzia kamera mpaka kuzamia baharini; waandikie. Na ukipewa kazi ya kutafsiri, tafsiri yote. Vitunguu pia.

Mimi mwenyewe nimeanza kuongeza vipengele viwili kwenye mkataba wangu pale kazi inapohusu watu. Cha kwanza: siku za kukaa bila kamera kabla ya kushuti, nazo zilipwe, kwangu na kwa wenyeji. Cha pili: filamu ikikamilika irudi, kwa Kiswahili au kwa lugha ya waliomo, na ionyeshwe palepale ilipopigwa. Kampuni moja iliacha kunijibu. Nyingine ilisema itaangalia, ikaangalia, ikamchukua mtu mwingine. Mwezi uliopita mwanamama mmoja prodyuza alisoma vipengele vyote viwili akiwa kwenye simu nami, akanyamaza kidogo, akauliza jenereta ya kukodi Karatu ni bei gani kwa siku, na kama bei hiyo ina mafuta ndani.